Nyeupe Pe, Nyeusi Ti: Mwongozo Kamili wa Kupamba Nyumba kwa Rangi Mbili

Kitu kikiwa cheupe kupita kiasi tunasema ni cheupe pe, na kikiwa cheusi kupita kiasi tunasema ni cheusi ti. Ndani ya ndoo ya rangi, pe na ti hazipo. Nyeupe ya ukutani hurudisha kama asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia, na nyeusi ya kawaida nayo bado hurudisha asilimia 4 au 5. Katika mapengo hayo mawili madogo ndimo hujificha umanjano, ubuluu, ukijivu na ukahawia, na ndimo nyumba nyingi za nyeusi na nyeupe zinapoharibikia. Mtu hununua nyeupe yoyote na nyeusi yoyote, anapaka, kisha anajiuliza kwa nini sebule yake imegeuka chumba cha upasuaji.

Kuna jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Rangi hizi mbili hazina huruma. Krimu husamehe ukuta uliopinda na kijivu husamehe mkono uliotetemeka, lakini nyeusi ikipakana na nyeupe, kosa la milimita mbili linaonekana kutoka mlangoni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni maandalizi, na kupaka kwenyewe ni siku moja au mbili za mwisho.

Hatua ya 1: Amua nani mwenyeji, nani mgeni

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Chumba kilichogawanywa nusu nyeusi na nusu nyeupe hakimpi mtu pa kutuliza macho. Chagua rangi moja itawale kwa robo tatu au zaidi, na nyingine iingie kama mgeni: ionekane, iheshimiwe, isijae nyumba nzima. Kwa wengi mwenyeji ni nyeupe, na ukiwa unaanza nakushauri hivyo hivyo.

Katika hesabu hiyo usitazame kuta peke yake. Televisheni iliyozimwa ni nyeusi. Sofa la kijivu kizito lina uzito wa nyeusi. Sakafu ya vigae vyeupe ni nyeupe nyingi kuliko ukuta wowote. Simama mlangoni, piga picha ya chumba kilivyo sasa, kisha iondolee rangi ndani ya simu ibaki nyeusi na nyeupe. Utashangaa. Mara nyingi utakuta weusi wa kutosha umo tayari, umerundikana upande mmoja, na kazi yako ni kuutafutia mwenzake upande wa pili.

Baada ya hapo tafuta mahali ambapo nyeusi inalipa. Kwa uzoefu wangu, pa kwanza ni fremu za madirisha, upande wa ndani. Fremu nyeusi hufanya kilicho nje kionekane kama picha iliyotundikwa, hata kama nje ni ukuta wa jirani na mti mmoja. Pa pili ni milango ya ndani: mlango mweusi kwenye korido nyeupe hutoa heshima kubwa kwa rangi kidogo sana. Pa tatu ni ukuta ulio nyuma ya televisheni, kwa sababu kile kioo cheusi kinachokera hupotelea humo humo. Ukuta wa kichwani mwa kitanda pia hukubali. Ukuta wa mwisho wa korido ndefu ukipakwa nyeusi huonekana umesogea karibu, na korido inaacha kufanana na handaki.

Skatingi nyeusi, ule ukanda wa chini ya ukuta unaogusa sakafu, ninaipenda, ila kwa sharti. Huficha alama za viatu na za ufagio, lakini huchora mstari kuzunguka chumba kizima. Sakafu ikiwa na mawimbi, mstari huo utayatangaza.

Na dari? Watu wengi huogopa dari nyeusi kuliko inavyostahili. Kwenye chumba kirefu cha kwenda juu, chenye kuta nyeupe na madirisha mazuri, haikandamizi. Mipaka yake hupotea tu, hasa usiku. Kwenye choo kidogo cha wageni napo hukubali, kwa kuwa hakuna anayekaa humo kwa saa tatu. Mahali nisipoipendekeza ni chumba cha kulala chenye dari fupi na dirisha moja.

Neno moja kuhusu vyumba vyenye giza, maana hapa ndipo ushauri mbaya ulipojaa. Nyeupe haizalishi mwanga, hurudisha tu uliopo. Chumba chenye kidirisha kimoja ukikipaka nyeupe kali, kona zake zitakuwa za kijivu kama majivu ya jana. Hapo tumia nyeupe yenye ujoto na uongeze taa, au ukubali giza na ufanye nyeusi iwe mwenyeji. Maktaba ndogo au chumba cha kutazamia filamu hupendeza sana kikiwa hivyo.

Hatua ya 2: Jaribu rangi kabla ya kununua ndoo

Chukua karatasi nyeupe ya kuchapishia, iweke kando ya vipande vya nyeupe unavyovifikiria. Papo hapo utaona: hii ina umanjano, ile ina ubuluu, nyingine ina uwaridi kidogo. Ikiwa peke yake kila moja ilidai kuwa nyeupe. Nyeusi nazo zina koo zao: ipo yenye ubuluu, ipo yenye ukahawia, ipo yenye ukijani. Ziweke karibu karibu penye mwanga wa mchana, zitajitofautisha zenyewe.

Kanuni yangu ni kuoanisha ujoto na ujoto, ubaridi na ubaridi. Nyeupe ya maziwa huenda na nyeusi ya mkaa wenye ukahawia. Nyeupe ya barafu huenda na nyeusi yenye ubuluu. Ukizichanganya koo, nyeupe ya maziwa huonekana chafu na nyeusi ya bluu huonekana kama wino uliomwagika.

Usipake sampuli moja kwa moja ukutani, kwa sababu rangi ya zamani inayoizunguka itakudanganya. Paka kwenye vipande vya kadibodi vyenye ukubwa wa gazeti lililokunjwa, mikono miwili, yaani tabaka mbili, acha ukingo mweupe pembeni. Vitembeze: kona yenye giza, karibu na dirisha, karibu na sakafu. Vitazame asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka, kwa siku mbili angalau.

Hatua ya 3: Chagua mng'ao

Rangi isiyong'aa huficha mawimbi ya ukuta, na juu ya nyeusi hupendeza kama makaa. Lakini nyeusi isiyong'aa hukamata kila kidole, na ukiisugua kwa kitambaa sehemu ile hubaki na doa la mng'ao lisiloondoka. Basi iweke mahali pasipoguswa: dari, ukuta wa nyuma ya kitanda au wa televisheni. Korido, jikoni na vyumba vya watoto vinataka silki, rangi yenye mng'ao kiasi inayofutika. Milango, fremu na skatingi zipate silki au glosi, ile inayong'aa sana. Glosi nyeusi kwenye mlango uliopigwa msasa vizuri ni kitu cha kujivunia. Kwenye mlango uliopigwa msasa ovyo ni aibu inayong'aa.

Mlango wa nje unaopigwa na jua la mchana ni habari tofauti. Nyeusi hunyonya joto, na mlango unaweza kupinda au rangi kupasuka. Kama hauna kivuli, fikiria tena.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Chumba cha mita 4 kwa 3 kina mzunguko wa mita 14. Kuta zikiwa na kimo cha mita 2.7, eneo lake ni mita za mraba 37.8. Toa mlango na dirisha, tuseme mita za mraba 3.7 kwa pamoja, unabaki na 34 hivi. Mikono miwili ni 68. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji karibu lita 7. Plasta mpya hunywa zaidi, usiitegemee lita ifike hata mita 8.

Kwa nyeusi, nunua yote siku moja na uyamimine makopo yote kwenye ndoo moja kubwa, ukoroge. Makopo mawili yenye jina lile lile yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo utaigundua katikati ya ukuta, saa mbili usiku.

Hatua ya 5: Andaa ukuta, hapa usikimbie

Anza na maji. Ukuta wenye unyevu haupakwi. Tafuta bomba linalovuja, mfereji wa paa ulioziba au udongo uliorundikana nje kupita usawa wa sakafu, uponye, kisha uache ukuta ukauke. Rangi juu ya unyevu hufura malengelenge, na kwenye nyeusi huacha madoa meupe ya chumvi ambayo kila ukiyafuta hurudi. Plasta mpya ya saruji iache kama wiki nne; ikiwa mbichi bado ina magadi yanayokula rangi.

Kama nyumba ni ya zamani, kuwa mwangalifu na msasa. Rangi za kale nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilichelewa zaidi. Vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Ukiwa na shaka, usikwangue pakavu: pima kwanza, au mwite anayejua.

Unahitaji pia kujua rangi iliyopo ni ya maji au ya mafuta. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti, sugua kipande kidogo. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ni ya maji. Isipohama, ni ya mafuta, na rangi ya maji haitashika juu yake mpaka uiparuze kwa msasa hadi mng'ao uishe na uipake prima, yaani rangi ya msingi.

Sasa kazi yenyewe. Osha kuta kwa maji ya sabuni, suuza, acha zikauke. Kwangua kinachobanduka. Ziba mashimo na nyufa kwa puti, mara mbili kama shimo ni kubwa, kwa sababu puti husinyaa. Piga msasa laini. Kisha zima taa ya chumba, washa tochi uilaze ukutani, mwanga utambae juu ya uso wake. Kila kovu litatoa kivuli. Zungushia kwa penseli, rudia puti, rudia msasa. Kwa ukuta utakaopakwa nyeusi mimi hufanya hivi mara tatu, na mara ya tatu bado huona kitu.

Maliza kwa prima. Chini ya nyeusi, omba prima ya kijivu. Prima nyeupe inaweza kukulazimisha kupaka mkono wa tatu, na kila mkwaruzo wa baadaye utafunua alama nyeupe.

Hatua ya 6: Paka nyeupe kwanza

Nyeusi hufunika nyeupe kwa mikono miwili, mara chache mitatu. Nyeupe juu ya nyeusi huomba mitatu, minne, na bado inakuchungulia. Ndiyo maana nyeupe yote hutangulia: dari, kisha kuta. Ukiwa umekusudia ukuta mmoja mweusi, nyeupe ya dari na ya kuta za jirani iingie kidogo ndani ya eneo la nyeusi, ili baadaye usibaki na mstari usiopakwa kwenye kona.

Kisha subiri. Rangi ya maji huhisi kavu ndani ya saa moja au mbili na hupokea mkono wa pili baada ya saa nne hivi, lakini kuhisi kavu na kukomaa ni mambo mawili. Niliwahi kubandika tepu juu ya nyeupe ya asubuhi, mchana ule ule, kwa kuwa kidole kiliniambia imekauka. Nilipoivuta, tepu ilikuja na ngozi ya ukuta, utepe wa urefu wa mita mbili, laini kama ganda la kitunguu. Sasa nasubiri saa 24 angalau, na zaidi hewa ikiwa na unyevu.

Mstari wa mpaka ndio roho ya nyumba nzima, nao hupatikana hivi. Pima na uchore mstari kwa penseli hafifu ukitumia pimamaji, maana kona za nyumba mara nyingi hazijanyooka. Bandika tepu ya karatasi upande wa nyeupe, ukingo wake ukigusa mstari, na uubane kwa kucha au kwa kadi ya plastiki. Halafu, kabla ya nyeusi, pitisha brashi yenye ile ile nyeupe juu ya ukingo wa tepu. Nyeupe hiyo itapenya kwenye vijitundu vyote ambavyo nyeusi ingepenya, na kuvifunga. Ikikauka, paka nyeusi. Vuta tepu rangi ya mkono wa mwisho ikiwa bado mbichi, polepole, ukiikunja kurudi nyuma kwa pembe kali. Ikikaukia, chana ukingo kwanza kwa wembe.

Nyeusi yenyewe ipakwe ukuta mzima kwa mkupuo mmoja. Anza kupaka kona na kingo kwa brashi, na kabla hazijakauka ingia na rola, ukienda kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuacha ukingo ukauke. Ukisimama katikati kupokea simu, mshono wa pale uliposimama utabaki. Rola ya manyoya mafupi ndiyo ya ukuta laini. Usiikamue rangi ya mwisho. Ikianza kutoa sauti ya kunata, irudishe kwenye trei.

Mbao na vyuma huja mwisho. Kama unatumia rangi ya mafuta, fungua madirisha, na vitambaa vilivyolowa usivifinyange na kuvirundika kwenye pipa: mafuta yanayokauka hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Ukitaka milia au drafti

Milia ipangie hesabu ya witiri, ianze na kuishia na rangi moja. Ukuta wa mita 3.6 ukigawa kwa 9 unapata milia ya sentimita 40, mitano myeupe na minne myeusi. Weka alama ya msalaba kwa penseli kwenye kila mlia utakaokuwa mweusi. Bila alama hizo utabandika tepu upande usio, niamini. Na usiamini sana msemo kwamba milia ya wima hurefusha na ya mlalo hutanua. Mwaka 1867 mwanasayansi Hermann von Helmholtz alionyesha kwamba mraba uliojazwa mistari ya mlalo huonekana mrefu na mwembamba zaidi kuliko ule wa mistari ya wima. Bandika tepu tupu kwa siku mbili, utazame mwenyewe.

Drafti ya sakafuni haianzii kwenye kona. Tafuta katikati ya chumba kwa kamba mbili zinazokutana, hakiki pembe kwa pembetatu yenye pande za vipimo vya 3, 4 na 5, kisha upange miraba kuelekea kutani ili vipande vilivyokatwa vilingane pande zote. Kabla ya hapo bandika kipande cha nailoni kwenye saruji, ukizibe kingo zote, ukiache siku nzima. Kikitoa jasho kwa chini, sakafu ina unyevu na rangi haitakaa. Tumia rangi iliyotengenezwa kwa sakafu. Ya ukutani itachubuka ndani ya wiki chache.

Taa na vitu vya ndani

Balbu ya mwanga mweupe baridi huua chumba cha aina hii. Tafuta zenye nambari 2700 hadi 3000 kwenye kipimo cha kelvini, na badala ya taa moja ya darini, weka kadhaa za chini zenye kuangaza pembeni. Ukuta mweusi unameza mwanga, basi uelekezee taa yake mwenyewe.

Halafu lete kitu kisicho cheusi wala cheupe. Mbao iliyoachwa na rangi yake, mmea wenye majani makubwa, ngozi, kikapu, shaba. Vichache tu. Nyumba ya rangi mbili isiyo na mbao hata kidogo huwa kama ukurasa uliochapwa, na ukurasa haukaliwi. Mito na mapazia yawe na mikunjo na nyuzi zinazoonekana, maana penye uhaba wa rangi, macho hutafuta maumbile ya uso.

Baada ya kumaliza

Usioshe kuta kwa wiki tatu au nne. Nyeusi huonyesha vumbi, kwa hiyo skatingi na vichwa vya milango vipanguse kila wiki kwa kitambaa kikavu chenye nyuzi laini. Nyeupe huonyesha mikono, hasa kuzunguka swichi.

Bakiza rangi kidogo ya kila aina kwenye chupa ya kioo iliyojaa hadi shingoni, na uiandike jina, namba ya mchanganyiko, chumba na tarehe. Mkwaruzo mdogo kwenye nyeupe huguswa kwa brashi ndogo ukapotea. Kwenye nyeusi isiyong'aa kiraka huonekana daima, kwa hiyo usihangaike kukigusa: chukua rola na upake ukuta ule upya, kona hadi kona.